Plau la Diski Nne

Jumatatu, 18 Novemba
Damu imenichemka! Bi Somoe, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hapa Ziwani, katangaza kwamba Jumamosi atatujaribu shambani, mimi na Dercio, mwenye trekta mwenzangu. Atakayelima vizuri anapewa kazi ya kulima ekari zote thelathini za ufuta. Trekta la Dercio ni hospawa sabini na tano. Langu ishirini na tano. Lakini watu wanaangalia injini? Wanaangalia jembe! Nimekwenda Mikindani kwa Mzee Abbasali, nimeazima plau la diski nne. Kaniambia hilo linataka trekta mara tatu ya langu, nichukue la diski moja. Diski moja! Nikalime mchicha?

Jumatano, 20 Novemba
Nimefunga plau. Nimevuta mkono wa kulinyanyua. Lahaula! Plau limebaki chini, trekta ndilo lililonyanyuka. Tairi za mbele juu, mimi naangalia mawingu. Mke wangu Sharifa akauliza kama siku hizi nalima mbinguni. Kasema jembe limezidi, nipunguze. Nikamjibu mambo ya mitambo aniachie mwenyewe.

Ijumaa, 22 Novemba
Nimepata dawa! Viroba sita vya mchanga, nimevifunga mbele. Tairi zimetua. Maskini Dercio, namwonea huruma.

Jumamosi, 23 Novemba
Aibu tupu. Dercio alilima matuta yake taratibu, kama anachana nywele. Zamu yangu, nikashusha diski zote nne kwa mbwembwe. Injini ikanguruma, moshi mweusi ukatanda, tairi za nyuma zikazunguka palepale na kujichimbia hadi ekseli. Kisha injini ikazima. Hata hatua tatu sikufika!

Hapo Sudi, mtani wangu, akaangua kilio. Akalifunika trekta kwa khanga, akatangaza msiba. Akajilaza chini akiniigiza nilivyong'ang'ania usukani. Akina mama wakamwitikia kwa nyimbo za matanga. Ningefanya nini? Mtani hanuniwi. Kadai jogoo wa msiba, nimempa. Dercio kanivuta kwa mnyororo, na ekari thelathini kapewa yeye. Nimelia kwelikweli, nyuma ya choo.

Jumapili, 24 Novemba
Kumbe Mungu si Athumani! Bi Somoe kaja mwenyewe nyumbani. Trekta la Dercio halipiti chini ya mikorosho ya mama huyu, matawi yanalizuia. Kaniomba mimi nilime hapo, kwa sharti la diski moja. Nimekubali kwa shingo upande.

Jumatano, 27 Novemba
Nimemaliza! Udongo umegeuka vizuri, na trekta halikukohoa hata mara moja. Bi Somoe kanisifu mbele ya Dercio. Sharifa akauliza kama sasa nimeelewa. Nimeelewa sana! Tatizo la plau ni kuzama ardhini. Tela halizami, lina matairi yake lenyewe. Nimeshaazima la tani kumi, kesho napeleka korosho bandarini. Sharifa kauliza kuhusu ule mteremko wa njiani. Nikamwambia hapo ndipo penye faida: dizeli sitatumia hata tone, mzigo wenyewe utanisukuma.