Mkwaruzo wa Chini ya Mlango wa Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu, amesafiri. Kaniachia gari lake la spoti, jekundu, milango miwili. Masharti: niwashe injini dakika kumi kila asubuhi, nisitoke nalo getini. Akirudi Jumamosi akilikuta salama, nitakuwa msimamizi wa yadi yake ya magari ya kukodisha. Mimi, niliyekaa miezi minane bila kazi. Mke kasema haya, tutaona.

Jumanne, 4 Juni
Nimetoka nalo getini. Mara moja tu, hadi dukani, ili jirani yetu Mjuaji aone. Kaona. Kasema liko chini mno, hata paka hapiti. Kurudi, balaa. Chini ya mlango wa kushoto, kwenye ile plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, mkwaruzo mweupe wa urefu wa mkono wangu. Bila shaka ni nguzo ya geti, ingawa sikusikia kitu. Nimeliegesha ubavu huo ukutani na kumwambia mke kwamba gari halipendi jua.

Jumatano, 5 Juni
Nimelisogeza gari kidogo kutoka ukutani, nikapaka rangi nyeusi ya viatu. Imekaa vizuri ajabu. Nimefurahi saa nzima, mpaka mke alipopita kwenda kazini, pindo la sare yake nyeupe likagusa pale. Nimemwambia ni vumbi. Kauliza tangu lini vumbi linanuka viatu. Kisha kasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaenda kubadilisha nguo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwuliza fundi, kwa niaba ya rafiki. Kasema plastiki hiyo ina vipele vidogo, isiguswe na msasa, vikisuguliwa havirudi. Rafiki apitishe hewa ya moto kwa mbali, polepole, au anunue kipande kipya. Kaniazima na mashine yenyewe.
Nimeona nianze na msasa, kusafisha tu. Vipele vimekwisha. Pamebaki baka la kijivu kama goti la mtoto. Nikaleta hewa ya moto, karibu, kazi iende. Plastiki imefanya mawimbi. Sijala mchana. Naiona ile kazi ikiondoka.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeamka na wazo. Kinachoonekana si ubovu, ni tofauti. Pande mbili zikifanana, nani ataita ubovu? Nimesugua na kuchoma upande wa kulia, wimbi kwa wimbi. Mjuaji kachungulia juu ya ukuta, kauliza kama magari ya ghali ndivyo yalivyo. Nimemjibu ndivyo. Kakubali, mara ya kwanza tangu tuhamie hapa.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji kafika saa nne. Kaenda moja kwa moja kushoto, akainama. Nimeanza kueleza habari za jua. Kanikatiza: pole shemeji, mkwaruzo huo ni wangu. Aliupata kwenye nguzo ya maegesho kabla ya safari, akaona haya kusema. Kipande kipya kiko kwenye buti tangu Jumatatu. Cha kushoto tu. Ila mawimbi, kasema, hayakumbuki.
Kisha kazunguka kulia. Kapitisha kidole juu ya mawimbi, akamtazama dada yake. Dada yake kasema yote, kuanzia safari ya dukani, ambayo kumbe Mjuaji alimsimulia. Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji kasema nibandike kipande kipya, nisiguse kingine chochote. Atakuja Jumatatu saa mbili kukikagua, ndipo tuzungumze kazi.

Jumapili, 9 Juni
Nimekibandika. Kimekaa sawasawa, hata mke kasifu, na yeye hasifu ovyo. Kazi naiona imerudi mlangoni. Nimetoka kukitazama mara nne.
Shida ni moja. Ni cheusi mno. Upande wa kulia unaonekana mgonjwa, na tofauti hiyo shemeji ataiona tangu getini. Kulia nimekatazwa kugusa, kipya sijakatazwa. Mke yuko kazini mpaka jioni. Mashine ya fundi bado sijairudisha, na msasa umebaki kipande kizuri tu.