Nyumba ya Bailleur Imepita Juu ya Chukudu

Habari ililetwa na Nzabandora, ambaye pale Kirotshe, kwenye meza ya kahawa ya Mama Sophie, wanamwita Radio kwa sababu hazimiki hata akiwa hana cha kusema. Siku hiyo alikuwa nacho.

"Bailleur," akamwambia Damascène, "nimepishana na nyumba yako mu barabara."

Damascène alilipenda sana jina hilo la mwenye nyumba. Alipewa mwaka mmoja nyuma, alipomaliza kujenga nyumba yake ya kwanza ya kupangisha, vyumba viwili vya mbao na manjanja, yaani mabati. Tangu hapo akawa anatembea mikono nyuma.

"Nyumba haitembei," akasema.

"Ile yako inatembea. Iko juu ya chukudu mbili za mbao, vijana wanazisukuma, magurudumu yanalia. Moja imebeba manjanja, ingine mbao na mulango. Mupangaji wako, ule mushonaji Athanasie, anafuata nyuma na mashini yake ku kichwa. Anasalimia bantu vizuri tu."

Kikombe cha Damascène kikarudi mezani. Samy akasogeza kiti. Huyo wanamwita Maître. Sheria zake alizipata alipokuwa anafagia ofisi ya wakili huko Goma.

"Twende polepole," akasema Maître. "Mulango, nani alinunua?"

"Yeye. Wangu ulioza."

"Alikuambia unaoza?"

"Aliniita ku simu. Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani?" Radio akauliza. "Si ulikuwa hapa na sisi?"

"Nilimwambia atengeneze tu, tutaonana."

"Na manjanja?"

"Yalikuwa yanavuja. Nilimwambia vilevile."

"Mbao?"

"Mbao, mvua ilikula."

"Ukamwambia mutaonana," Maître akasema. "Mulionana lini?"

"Bado."

Radio akajipigapiga magoti. "Mimi nilipita kule nikaangalia. Amekuachia nguzo zako zote, na kufuli. Kufuli amelifunga ku nguzo, mwizi asibebe."

"Kontra, ile karatasi ya mapatano, iko wapi?" Maître akauliza.

"Nani anaandika kontra na muntu wa kanisa lake? Nilimuchagua juu anasali."

"Aliomba nyumba isivuje," Radio akasema, "na Mungu akajibu, na manjanja ya Athanasie mwenyewe."

Damascène akasimama. Ile nyumba aliijenga kwa miaka minne ya maharagwe, na sasa wanaume wazima wanaicheka huku wanakunywa kahawa.

"Sikilizeni," akasema. "Muntu akigongomea kitu ku nyumba ya mwengine, kile kitu njo cha mwenye nyumba. Musumari ukiingia, imekwisha. Naenda ku chifu leo hii."

Mama Sophie, aliyekuwa anamimina kahawa kimya, akainua uso. "Rudilia, Papa Damascène."

Akarudia, tena kwa sauti kubwa, kwa furaha ya kupata mtu upande wake.

"Asante," Mama Sophie akasema. "Maître, umesikia. Radio, umesikia."

Hapo ndipo masikio ya Damascène yalipoanza kupata moto. Kwa sababu bailleur mwenyewe alikuwa mpangaji. Nguvu zote alizimaliza kwenye ile nyumba ya biashara, na yeye na mke wake na watoto watano wanalala katika nyumba ya huyu huyu Mama Sophie. Na humo ndani, kwa miaka mitatu, alikuwa ametia simenti, vioo vya madirisha, na jikoni nzima nyuma.

"Mama, ile ya kwangu iko tofauti."

"Tofauti wapi?"

"Nilikuita, hukukuya."

Radio akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Maître hakucheka, alikuwa kazini.

"Sasa chagua," akasema. "Ukisimama bailleur, unapata mulango, mbao na manjanja. Ukisimama mupangaji, unapata vioo, simenti na jikoni. Mimi ningesimama mupangaji."

Damascène akakaa. Akamtazama Mama Sophie, ambaye hakuonekana kuwa na haraka yoyote.

"Athanasie iko na haki," akasema chini chini.

"Kwa nguvu, Mama asikie."

Akasema kwa nguvu. Kisha akaondoka bila kumaliza kahawa, na hakuenda kwa chifu.

Alimkuta Athanasie kwenye parseli, kiwanja cha dada yake, mikono imeshika nyundo. Njiani alikuwa amepanga kumuomba angalau mlango. Lakini Athanasie akamtangulia.

"Papa, nilitaka kukutafuta. Vyumba ni viwili, mimi nitalala mu kimoja. Kingine nataka kupangisha. Weye uko mu hii kazi mwaka muzima. Nianzie wapi?"

Damascène akautazama uso wake kuona kama kuna mzaha. Haukuwepo. Mwaka mzima watu wanamwita Bailleur, na huyu ndiye wa kwanza kumuuliza kitu.

"Mupangaji akikuita, enda," akasema. "Akikuita mara ya pili, kimbia."

"Na kontra?"

"Andika, hata akiwa pasta. Andika mulango ni wa nani, manjanja ni ya nani, na nani anatengeneza kikiharibika."

Athanasie akatikisa kichwa taratibu, kama anayeweka maneno mfukoni. "Basi nishikie hapa."

Damascène akashika ubao huku yeye akigongomea. Ulikuwa ubao mzito, umenyooka, hauna hata alama ya maji. Akaupapasa kwa kidole.

"Mbao za namna hii unazitoa wapi?"

"Nilikuambia ku simu, Papa," Athanasie akasema, akitafuta msumari mwingine. "Mara tatu."