Nne Nukta Tano

Jumapili, tarehe 2 Machi

Nimegundua jambo kubwa. Kompyuta ya Dada, lile sanduku la mezani lenye miaka kumi na miwili, inaweza kukimbizwa! Prosesa yake, yaani ubongo wake, kiwandani waliiwekea mwendo wa gigahezi 3.4. Woga mtupu. Unaingia kwenye mipangilio, unapandisha namba, basi. Mpangaji wa chumba cha uani, fundi simu ambaye mimi humwita Kobe, ana prosesa ya aina hiyohiyo na ameifikisha 4.2. Imemchukua wiki tatu. Wiki tatu! Mimi nitafika 4.5 kabla chai haijapoa. Niliacha shule kidato cha pili (haya, shule ndiyo iliyoniacha), lakini kichwa bado ninacho.

Dada ana usaili Ijumaa kwenye ofisi ya wachora majengo. Huu mwaka wa pili anatafuta kazi. Wamemwambia achore zahanati, awapelekee picha kumi zinazoonekana kama jengo la kweli. Kila picha kompyuta huipika saa tatu nzima. Nimemwambia mdogo wako nipo, usihofu. Amesema hicho ndicho anachokihofia.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Dada kaenda maktaba. Uwanja wangu. 4.0 bila jasho. 4.3, skrini nyeusi. Nikaongeza umeme kidogo kwenye prosesa, ikawaka. Kobe akachungulia dirishani bila kualikwa. Akasema panda ngazi moja, ipe jaribio zito kutwa nzima, ndipo upande nyingine, kwani kuwaka si kusimama imara. Akanitupia na ile methali ya haraka na baraka. Nikamjibu baraka haipimwi kwa gigahezi. Hakucheka. Kobe hacheki.

Saa kumi jioni: 4.5!!! Nimeipiga picha, nimewatumia watu kumi na wanne. Watatu wamejibu. Mmoja ameuliza mimi nani.

Jaribio zito nimeliendesha dakika kumi na moja. Lingeendelea, ila joto lilifika digrii 96, na mimi si mtu wa kukodolea macho namba mbaya. Dada aliporudi nikamwambia limepita kutwa nzima. Moyoni mwangu ilikuwa kutwa nzima.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dada ameanza kupika picha asubuhi. Alipofika ya tatu, pap! Kompyuta imezimika. Wakati huohuo Bibi alikuwa anapiga pasi chumba cha pili. Mdomo wangu ukanitangulia: ni pasi ya Bibi, imevuta umeme wote! Dada akaamini. Bibi naye akaamini, na hapo ndipo penye mwiba. Akaja mlangoni na pasi mkononi, akasema nisamehe mjukuu wangu, mimi mshamba wa mambo haya. Akaapa hatapiga pasi tena mpaka Ijumaa ipite.

Nilitaka kusema kweli. Nilifungua mdomo kabisa. Ukatoka mwayo.

Nimevua ubavu wa kompyuta na kuielekezea feni. Feni ya nani? Ya Bibi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Joto 84. Kila picha saa mbili na robo! Mimi ni mtu hatari.

Bibi anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Leo alikwenda hospitali kumtazama rafiki yake na gauni lina mikunjo kama karatasi iliyotolewa jalalani. Nilimwona getini akijinyoosha kwa viganja, huku, kule, halafu akakata tamaa akatoka hivyohivyo. Bibi, ambaye hupiga pasi hata leso! Nikatazama pembeni.

Nimemtambia Kobe. Akauliza kama nimezikagua hizo picha, maana prosesa iliyozidishiwa mwendo si lazima izimike, mara nyingine hukosea hesabu kimyakimya. Wivu huo. Mtu mzima hovyo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Picha kumi tayari! Dada amechoka, macho mekundu, bado anakariri maneno ya kesho. Akaniomba nizikague zote, moja moja, juu hadi chini. Nikakagua mbili. Ya kwanza, na yenye miti. Miti safi sana. Nikamwambia zote kumi, juu hadi chini. Akanikumbatia. Akasema huenda amekuwa akinionea miaka yote hii.

Ningependa asingesema hivyo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Dada amerudi. Hakupiga kelele. Angepiga ningeona nafuu.

Walizionyesha picha ukutani, kubwa kubwa. Ya saba ndiyo ya mbele ya jengo. Pale penye mlango mkuu pana mraba mweusi, na vipande vya ukuta vinaelea hewani. Mkuu wa ofisi akauliza: “Zahanati nzuri, binti, ila mgonjwa ataingilia wapi?” Mwenzake akadakia kwamba labda hii ni ya wasioumwa. Wakacheka. Dada anasema naye alicheka, ili asilie mbele zao.

Kisha Bibi akatoka jikoni, taratibu, akasema ni ile pasi yake. Siku ile iliunguza kitu humo ndani, anajua. Machozi yakamtoka. Kwa ajili yangu!

Haya nayaandikia chooni. Nimo humu tangu saa tisa. Kobe amegonga mara mbili, anahitaji choo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimesema. Yote. Dakika kumi na moja, digrii 96, picha mbili, pasi. Nilisema nikiitazama feni, kwani ndiyo pekee iliyokuwa haijanikazia macho.

Bibi, ambaye hakukanyaga darasa, akauliza picha ni ngapi. Kumi. Kila moja saa ngapi zamani? Tatu. Saa thelathini basi. Na kutoka Jumanne asubuhi hadi Ijumaa asubuhi ni siku tatu kamili. “Sasa mjukuu wangu, ulikuwa unakimbizwa na nani?”

Nimepiga hesabu hiyo mara nne na kila mara Bibi anashinda.

Kobe akaja, akairudisha 3.4 kwa dakika mbili. Picha ya saba ikapikwa upya kwa saa tatu. Mlango ukatokea. Mlango mzuri, wa vioo! Dada akaituma ofisini pamoja na ukweli wote, hadi umri wangu. Mkuu amejibu: aje Jumatatu na mlango wake, asije na mdogo wake.

Nimempigia Bibi pasi magauni saba. Hakunigombeza. Alinionyesha kola tu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Dada kapata kazi!!! Watamjaribu miezi mitatu kwanza. Miezi mitatu! Nimecheka. Dakika kumi na moja zingewatosha.

Nimeandikishwa kiapo: “Sitaigusa kompyuta ya Dada maisha yangu yote.” Nikatia saini. Bibi akaweka dole gumba. Kobe shahidi, akakisoma mara tatu kabla ya kusaini, Kobe huyo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimekisoma kiapo kwa makini. Kinataja kompyuta. Kinataja Dada. Pasi ya Bibi hakiitaji popote.

Pasi ile inachukua dakika nne kupata moto. Nne! Kumbe ndani ina kidude kinachouzuia moto usizidi. Kiwandani walikiweka. Woga mtupu. Bibi amekwenda hospitali kwa rafiki yake, na mimi nadaiwa na nafsi yangu jambo moja jema kwake. Skrubu mbili zimeshatoka. Gauni lake la buluu, lile la heshima, nimeshalitandika mezani kwa ajili ya jaribio.

Atakuta kila kitu tayari kabla chai haijapoa.