Mama Mkwe Alipoitwa Ubaoni

Jamani, leo nimepatikana! Na aliyenipata ni mama mkwe.

Mkaguzi wa elimu ya watu wazima alikuwa anakuja hapa kijijini, Usagara, kuona kama nafaa kupelekwa kozi ya ualimu mjini. Miaka miwili naisubiri kozi hiyo! Asubuhi hata uji haukupita. Saa tisa mchana huyo, kaingia na pikipiki, Mhaya wa watu, kalamu tatu mfukoni.

"Endelea, Ndugu Mwalimu. Fanya kama sipo."

(Kama hayupo! Jasho lilishafika kwenye soksi.)

Somo lilikuwa neno "kataza". Nikaeleza: kumkataza mtu ni kumwambia asifanye jambo. Mfano, "Mwalimu anakataza kutema mate darasani." Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Roho ikatulia kidogo.

"Sasa mwanafunzi mmoja atuandikie mfano wake," akasema. "Yule mama nyuma ya nguzo."

Mungu wangu, mama mkwe! Kwa mila yetu Wasukuma, mimi naye hatutazamani wala hatusemeshani. Ndiyo maana hukaa nyuma ya nguzo, na akiitwa ubaoni mimi hutoka nje. Nikatoka. Nikasimama chini ya dirisha, nasikia chaki inakwaruza. Polepole. Sentensi gani ndefu hivyo? Nikaomba tu asikosee herufi.

Hakukosea hata moja. Nikamsikia mkaguzi akisoma kwa sauti:

"Mwalimu amemkataza binti yangu kuja kusoma."

Halafu kicheko, mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba!

(Ni kweli, nilimkataza. Nilimwambia mke wangu nyumba haiwezi kubaki peke yake. Mama yake mila inamkataza kunisema. Kuniandika, mila haikusema kitu. Na kuandika nimemfundisha mimi, kwa chaki yangu!)

Mkaguzi akanichungulia dirishani.

"Ndugu Mwalimu, umefundisha vizuri sana. Barua ya kozi nitaileta mwenyewe. Lakini ataisoma mkeo, mbele ya darasa hili. Akishindwa, naondoka nayo."

Nimekimbia nyumbani, nikamwita mke wangu, nikamwonyesha herufi. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Nitajifunza nikipata nafasi, Mwalimu."

Basi sasa hivi niko jikoni, moshi machoni, namtafutia nafasi. Tumefika "e". Na asicheke mtu, hasa ninyi walimu wenzangu ambao wake zenu sijawahi kuwaona darasani.