Kimetulia au Kimetulizwa?

Redio, jina alilopewa kwa kupenda kutangaza habari, ndiye aliyeanzisha mada, kama kawaida yake. Hata hajaketi vizuri kwenye benchi la Fundi Viatu, simu iko puani.

"Jamani, sikieni! Wataalamu wanachunguza kama dawa zetu hizi za kawaida, za mafua, za maumivu, zinawaathiri vijana wa michezo wakigongwa kichwa. Ubongo ukitikisika, huenda kupona kukachelewa!"

"Ubongo una nati mpaka ulegee?" Fundi akadakia huku akivuta uzi wa soli. "Binti yangu Jumamosi kajibamiza kichwa kwenye nguzo ya goli, tukammwagia maji. Leo mzima kama chuma! Kesho anadaka fainali."

Kocha wa timu ya binti, aliyekaa hapo hapo benchini, akakenua meno. "Yule anadaka hata mbu!"

Bi Dawa, mwenye duka la dawa hapo jirani, akaweka kikombe chini. "Fundi, kichwa hakimuumi?"

"Kimetulia tuli."

"Unampa nini?"

"Vidonge vya kutuliza maumivu, si uliniuzia mwenyewe? Asubuhi, mchana, jioni. Na kile cha mafua yake ya vumbi."

"Kile si kinaleta usingizi?"

"Kinamlaza fofofo! Anapumzika mtoto."

"Makubwa! Sasa utajuaje kinachomlaza ni kidonge au ni kichwa? Na hicho kichwa, kimetulia au kimetulizwa?"

Redio akapiga benchi kofi. "Fundi, leo umepatikana!"

"Aa, dada, hicho ni Kiswahili tu!"

"Ndicho kilichoandikwa kwenye boksi. Kutuliza. Kuponya umekusoma wapi?"

Fundi akacheka na wenzake, lakini roho ilikuwa imeshamruka. Yule binti ndiye mboni ya jicho lake. Akaona bora awanyamazishe wote. Akapiga simu nyumbani, akaweka spika.

"Mwanangu, umekunywa dawa leo?"

"Bado, baba. Vidonge vimeisha jana usiku."

"Enhe, na kichwa?"

"Kinagonga kama wewe ukipigilia visigino. Nimefunga mapazia, mwanga unaniumiza. Lakini baba, niletee vingine kabla ya kesho. Na tafadhali, usimwambie kocha."

Benchi zima likamgeukia Kocha. Akaisogelea simu taratibu.

"Hajaambiwa, mwanangu. Amesikia mwenyewe. Kesho hudaki, na mazoezi huji mpaka daktari aniambie mimi, si baba'ko."

"Sasa golini nani?" Redio akauliza. "Mpange Fundi! Kile kichwa hata kikigongwa, ndani hamna cha kutikisika."

Wakaangua kicheko. Fundi hakuwepo kukijibu. Alikuwa ameshashika njia mbio, nyundo mkononi, kiatu cha mteja kwapani.

"We Fundi!" Bi Dawa akapaza sauti. "Hospitali ni huku!"

"Najua!" akajibu bila kugeuka. "Lakini mtoto yuko huku, nyumbani!"