Gazeti Lako Haliulizi Habari Zetu

Hoteli ya Chai ya Bulle Warfa,
Garissa, Machi 1966

Mheshimiwa Mhariri,

Asalaam aleikum. Gazeti lako hutufikia na msafara wa malori, likiwa na umri wa siku tisa, nami huwasomea wateja kwa sauti. Tunalipenda, lakini lina tabia mbaya.

1. Halina adabu. Kwetu watu wakikutana njiani, mmoja humwambia mwenzake "warran", toa habari. Akishamaliza huyo, naye huuliza, apewe za upande wa pili. Gazeti lako hutoa zake, kisha kimya.

2. Mwezi uliopita lilisema Korane Guleid, shemeji yangu, ameuawa Kotile akiwa shifta, mwasi wa serikali. Korane alikuwa amekaa hapa hapa, anakunywa chai. Kotile alikwenda kweli, kutafuta ngamia aliyepotea. Tukalikatalia gazeti watu kumi na wanne, mzee Olow akaapa. Halikubadilisha hata herufi.

3. Korane akaenda kuomba kibali cha kusafiri. Karani akamfunulia gazeti, akamwambia vibali ni vya walio hai.

4. Mkewe, dada yangu Timiro, yuko Ijara. Alisomewa gazeti hilo, sasa amekaa eda. Anamlilia mume ambaye huku ananimalizia sukari. Hili linaniuma, Mheshimiwa, wala sifanyi mzaha.

5. Tuliandika ukweli pembeni mwa gazeti lenyewe, tukampa dereva wa lori akurudishie. Nafasi ni finyu mno. Kiapo cha Olow kimeangukia tangazo la sabuni.

Kwa hiyo naomba kila toleo liwe na ukurasa mmoja mtupu, juu yake pachapwe "Warran". Tutaujaza, utarudi kwako, nawe utatujibu.

Wasalimie wapiga chapa wote, na mama watoto. Korane naye anakusalimu sana.

Ni mimi msomaji wako mvumilivu,
Bulle Warfa

Baada ya sahihi: Sijafunga bahasha, gazeti letu limerudi. Hata daraja halikuvuka, lilifunguliwa na askari wa kizuizi cha barabarani. Pembeni mtu amejibu kwa wino mwekundu: "Habari zenu tumezisoma. Mleteni huyo Korane atueleze ya Kotile." Mheshimiwa, ukurasa mtupu hatuutaki tena. Korane alikufa kama ulivyosema, Mungu amrehemu. Nawe wa wino mwekundu, ukiifungua na hii: aliyekuwa akinywa chai ni mtu mwingine, na mwanamke yule mrefu, aliyejifunika hadi machoni, aliyeondoka asubuhi kwenda Ijara, amekwenda kutoa pole tu.