Barqa na Mkono wa Shemegi

Jumatano, 26 Machi

Itangazwe kwa wote, walio Ibra na walio safarini: leo baada ya Alasiri, Barqa ametoka bombani akafika mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, bila ya kusukumwa wala kubembelezwa kwa tende. Wapiga picha hawakuwepo. Nilikuwepo mimi.

Barqa ni farasi wangu jike. Jina lake maana yake umeme. Aliyempa hakuwahi kumwona akitembea. Nilimnunua mwaka jana, wiki niliyostaafu, kwa sababu ambayo sijamwambia mtu. Siku ya Idi farasi hutolewa mbio uwanjani wawili wawili, na wapandaji hushikana mikono njia nzima. Ardha, ndivyo inavyoitwa. Naitazama tangu utotoni, tangu tulipofika hapa kutoka Unguja, nimesimama pembeni na soda yangu. Hakuna aliyenikataza kuingia. Hakuna aliyenikaribisha, vilevile.

Badria, mke wangu, ametoa hukumu. Idi hii Barqa asipoonekana uwanjani, anakwenda Al Mintirib, kwenye kambi ya watalii, akapigwe picha mchangani. Anasema amechoka kuishi na kiumbe anayekula kama bwana harusi na kulala kama mgonjwa. Nikamwambia atazoea. Akasema ameshazoea mmoja, wa pili hamwezi.

Tatizo: anayepanga jozi ni Marhoun, kaka yake Badria. Hodari. Kanzu yake haina kunyanzi hata akishuka farasini. Nimempigia simu. Kasema jozi lazima zilingane mbio, na farasi wa kulingana na wangu bado hajazaliwa. "Shemegi, mtie breki ya mkono," kasema, "asije akatukimbia." Kacheka peke yake, muda mrefu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepata!

Nimeona kwenye simu: kijiji kimoja cha Uhispania, siku ya sikukuu yao, farasi wanene wanavutishwa mawe juu ya ubao na watu wanashangilia. Mbio hakuna. Anayevuta zaidi ndiye mshindi. Wale farasi, kwa umbo, ndugu zake Barqa kabisa! Kwa hivyo: nianzishe mashindano hayo hapa Ibra, Barqa ashiriki, na kwa kuwa hakuna mwengine, awe bingwa. Badria kasema aonekane uwanjani. Hakusema akifanya nini.

Baada ya sala ya Ijumaa nimefanya jaribio. Nikamfunga gogo la mtende kwa kamba. Watu wakajaa ukutani, wamefunga, hawana la kufanya mpaka Magharibi. Bismillahi, nikasema. Barqa akageuka, akalitazama gogo, akanitazama mimi, akaanza kuitafuna kamba. Mtaa mzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa hakufunga, na aliufaidi uhuru wake.

Walicheka wote isipokuwa jirani yangu Khalaf. Hilo ndilo lililoniuma. Babu zake wote walikuwa wapanda farasi. Kanieleza kwa upole kwamba kwao farasi havutishwi kitu. Mizigo ina punda, na siku hizi ina pikapu. Farasi ni wa heshima. Kisha akalifungua gogo mwenyewe, akampangusa Barqa vumbi la shingoni, akamwomba radhi. Mimi hakuniomba.

Nimekaa zizini mpaka adhana, nikifikiri. Umri mzima nimeishi na watu hawa. Nimewazika wazee wao, wamewazika wangu. Halafu nimezunguka mpaka Uhispania kutafuta mlango wa kuingilia uwanja ulioko nyuma ya nyumba yangu.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi jana haukuonekana. Idi ni kesho. Nimeongezewa siku moja, na nimeichukua kama salamu kwangu binafsi.

Nimeitumia kwa mama mkwe, Bi Khole, mama yao Badria na Marhoun. Nimempelekea mkate wa kumimina wa kufuturu, ambao Badria alikuwa amewaokea watu wengine. Nikatoa shikamoo. Habari ya farasi sikuigusa. Nilikaa tu nikishusha pumzi. Mara ya tatu kaniuliza, "Una nini, baba? Mbona unavuja kama tairi?"

Nikamwambia yote.

Marhoun kaitwa, kaja mbio. Bi Khole kamuuliza kwani mume wa dada yake ana upele? "Umeshikana mikono na mkoa mzima wa Sharqiyah, huyu ndiye anayekuunguza?" Marhoun kajitetea: ya ummi, farasi hawalingani. Kaambiwa basi yeye wa kwake ampunguze mbio, mwenye mbio ndiye anayeweza kwenda taratibu. Khalas. Kisha kanigeukia mimi: "Na wewe, acha kupumua."

Nimepangwa jozi na Marhoun mwenyewe! Barqa, umeokoka!

Jumatatu, 31 Machi. Sikukuu mosi

Idi mubarak. Naandika nimelalia ubavu.

Taarifa rasmi kwa watakaouliza: upepo. Ulivuma upepo, Barqa akastuka, Marhoun akanivuta kwa bahati mbaya, tukaanguka wote wawili, kwa heshima. Marhoun hakukanusha. Alikuwa anatafuta jambia lake.

Badria hajatoa neno kuhusu Barqa. Anaingia, ananitazama, anatoka huku mabega yanamtikisika. Kama analia, sijui. Namsikiliza Barqa nje akitafuna, na kila gari likipunguza mwendo nadhani ni la kambini limemjia.

Jumanne, 1 Aprili

Badria hasomi daftari hili. Niandike kweli.

Upepo haukuwepo. Marhoun alinishika mkono, mkono mkavu, mgumu, tukatoka. Watu wakaimba. Barqa akakimbia! Mbio khasa, au jirani yake. Nilimwona Khalaf akininyanyulia bakora kunishangilia. Katikati ya uwanja Barqa akaona yatosha. Akasimama.

"Niachie!" kapiga kelele Marhoun. "Yaqoob, niachie, wallah!"

Kila mpandaji anajua: farasi mmoja akisimama, mnaachiana. Nilisikia vizuri. Wasaa nilikuwa nao. Sikuachia. Mkono ule nimeungoja tangu utotoni, na ulikuwa haujafika hata nusu ya pili ya uwanja. Nikang'oka juu ya tandiko kama kofia, na yeye nikamshusha.

Tulikaa mavumbini, bado tumeshikana. Kaniuliza kwa sauti ndogo kama sasa ninaweza kumwachia. Nikamwachia.

Asubuhi hii nimemsikia Badria zizini. Kapeleka sinia la tende. Anamwambia Barqa kwamba tangu azaliwe alikuwa anangoja mtu wa kumkalisha chini kaka yake mbele za watu, na kwamba yeye haendi popote, kambi itafute farasi mwengine. Halafu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu watoto walipoolewa. Hakuwa analia, basi.

Baadaye kaja kunionya: Barqa anabaki, lakini mimi kumpanda tena ni marufuku. Nimekubali kwa kichwa.

Idi ya kuchinja ni Juni. Marhoun kaapa hanipi mkono tena, lakini watu wenye mikono ni wengi. Na nimeligundua kosa lilipokuwa: lilikuwa kwenye tandiko. Nimempigia fundi wa viti vya magari anishonee mkanda. Nikishafungwa barabara, Barqa asimame apendavyo. Mimi sing'oki, wala simwachii mtu.